Akello, hatua ya tano sikuiandika

Bado siamini. Afande Akello wetu alifariki Jumanne ya wiki iliyopita hospitalini Jinja, na mimi nilikuwa Mbale, nyumbani kwangu mtaa wa Nkoma, nasahihisha mitihani.

Tulisomea ualimu wa hesabu pamoja. Mimi nikaingia darasani, yeye jeshini. Vita vya nje vilimrudisha bila macho, na kipande cha chuma kichwani ambacho madaktari waliogopa kukigusa.

Mwaka mzima hakutaka kusikia habari za pembetatu. "Nitachora na nini, dada?"

Siku moja nikamsomea kuhusu njia ya kutaja nukta yoyote ya pembetatu kwa namba tatu. Mchoro hauhitajiki: unazipa kona tatu uzito, na nukta inajulikana ilipo. Akaomba kadibodi, uzi na mawe. Tukaning'iniza jiwe kila kona, akaitafuta nukta ya mizani kwa ncha ya kidole, pale barazani kwao Nalufenya, Jinja. Alipiga kelele hadi mama yake akatoka jikoni!

Kuna mfumo mwingine, unaopima umbali kutoka kila upande wa pembetatu. Kwa mawe, moja-moja-moja ni ile nukta ya mizani; huko, namba hizo hizo ni nukta nyingine kabisa. Mimi nikaichanganya mifumo hiyo mchana kutwa, kurasa sita za upuuzi. "Wewe iko na macho mbili na bado unapotea! Futa yote, mwalimu!" Kiswahili chake cha kambini. Mungu wangu.

Mwezi uliopita alipata uthibitisho wake mwenyewe wa kanuni moja ya pembetatu. Hatua tano, zote kichwani, maana kalamu yake ilikuwa mimi. Nne alinitajia kwa simu. "Ya tano ni refu. Kuja Jumamosi."

Nikamwambia nina dedlaini ya kukabidhi alama za mitihani, nitakuja wiki ijayo.

"Sawa. Lakini kuja na karatasi mingi."

Tangu tumzike nimejaza daftari zima. Nakwama palepale, kwenye ya tano. Nilimwuliza mama yake kama alimwachia neno lolote. "Mwanangu, alikuwa anahesabu vidole tu, anatabasamu."

Akello, siwezi kuibuni. Nitaandika zile nne, jina lako juu, na ukurasa unaofuata nitauacha mweupe. Atakayeujaza ajue kuna mtu alifika kabla yake, gizani, peke yake.

Jumamosi ile, siku tatu kabla hujafariki, magari ya Jinja yalikuwepo. Alama zingesubiri. Sikupanda.

Nisamehe. Pumzika salama, Afande wangu.