Kocha Alikuja Kuongea, Mama Akasikia Posa

Jamani, leo mama amenifungia chumbani kama bibi harusi, sababu ya kocha! 😂

Donc, mimi nakimbia mbio za nyika kwenye chuo kimoja cha Columbus, na nataka kuhamia Louisville. Kocha wa kule akasema atapita hapa Buffalo kuongea na wazazi. Kuongea tu!

Mama akaita wajomba watatu na mzee wa kanisa. Akapika sombe, yale majani ya muhogo, na mbuzi.

Kocha akaingia peke yake, na kofia ya timu mkononi.

Mjomba mkubwa akamuuliza: "Unatafuta binti yetu, na hukuja hata na mzee mmoja?"

Mimi nyuma ya mlango nasikia joto mpaka masikioni. Mngefanya nini?

Kocha, uso mwekundu, akatoa simu akampigia video mama yake mzazi!

Bon, wamama wakaongea, dada yangu akitafsiri. Wakacheka. Wakaombeana.

Ndipo mama akanifungulia: "Enda Louisville, mwanangu. Huyu amefika nyumbani. Ule kocha wa Columbus alikutorosha kwa email."