Alama za Matairi Uwanjani kwa Bi Hamisa

Polikarpo aliingia Dar es Salaam mwaka uliofuata Uhuru, akiwa utingo wa lori la korosho kutoka Masasi. Kuendesha alijifunza kwa kutazama miguu ya dereva wake. Alipopata leseni hakuchagua kazi. Alibeba mchanga, alibeba mbao, hadi mwaka 1970 akakabidhiwa Landrova ya chanjo ya idara ya afya. Mwenyewe aliona kapewa cheo. Siku nne kwa wiki aliwapeleka wauguzi kwenye vijiji vipya vya ujamaa huko ng'ambo ya Pugu, na kwa kuwa safari zilianza alfajiri, aliruhusiwa kulala na gari nyumbani, Temeke, alikopanga chumba yeye na mkewe Eufrazia na binti yao Yuliana.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Hamisa, mjane wa Kizaramo, mtu wa maneno machache na usafi mwingi. Uwanja wake wa mchanga aliufagia asubuhi na jioni, ukabaki na mistari ya fagio la chelewa kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Mwezi wa nne mwaka 1974, mvua ikinyesha, Polikarpo alikuwa akirudi mjini pale mkokoteni wa madebe ya maji ulipomkatia mbele. Akakanyaga breki. Mkokoteni ulisalimika, lakini tako la gari liliserereka, na gurudumu la nyuma la kushoto likajibamiza kwenye ukingo wa zege kando ya barabara. Alishuka, akazunguka gari lote. Tairi zima, ringi haijapinda. Akamshukuru Mungu, akaondoka.

Kesho yake gari likaanza kuvuta kulia. Ili liende moja kwa moja, ilimbidi ashike usukani umekaa upande wa kushoto, na akiulegeza tu, gari linakwenda kutafuta magari yanayokuja. Hakuficha kitu. Alikwenda gereji ya idara akamweleza fundi Kondo tangu mkokoteni hadi zege.

Kondo alikuwa fundi wa siku nyingi. Alipima upepo wa matairi, akatikisa magurudumu ya mbele kuona kama yamelegea, kisha akachukua ubao akapima nafasi kati ya matairi mawili ya mbele, kwanza upande wa mbele, halafu upande wa nyuma, kuona kama yanatazamana sawa. Akarekebisha kidogo. Polikarpo akaenda kujaribu barabarani, akarudi akitikisa kichwa. Kondo akarudia, akabadilisha na matairi, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Gari likaendelea na tabia yake.

"Kilichonishinda ni hiki," Kondo alisema. "Umegonga kushoto, gari linavuta kulia."

Wiki ya pili mkuu wa gereji akasema gari liegeshwe mpaka vipuri vya usukani vipatikane. Kupata vipuri miaka ile ilikuwa kazi, na Polikarpo alijua maana yake: vijiji vinane vitakaa bila chanjo ya surua, pengine mpaka mwisho wa mwaka. Akaomba siku moja zaidi. Jioni hiyo alirudi nalo nyumbani amechoka mabega, akala ugali, akalala.

Asubuhi alimkuta Bi Hamisa amesimama uwanjani, fagio mkononi, anatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Yuliana. Hebu njoo uone gari lako linavyonifanyia uwanja."

Polikarpo akadhani anagombezwa. "Nisamehe, mama, leo nitaliacha nje."

"Sijasema uliache nje. Tazama. Zamani likiingia hapa lilikuwa linaniachia michirizi miwili. Matairi ya nyuma yanapita palepale yalipopita ya mbele. Siku hizi ni minne. Ya nyuma yamekaa kando, upande wa kushoto. Mie nafagia kila siku, ninayaona. Gari lako linatembea upande, baba."

Polikarpo akachuchumaa. Kweli, michirizi minne, kutoka getini mpaka lilipoegeshwa.

Alipofika gereji alimweleza Kondo. Fundi akauliza, "Nani kakwambia?"

"Mama mwenye nyumba wangu."

Kondo hakucheka. Alimwaga maji kwenye vumbi la uwanja wa gereji, akamwambia Polikarpo apite taratibu, usukani ameushika gari linyooke. Michirizi minne. Akachukua uzi, akapima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kulia, kisha kushoto. Kushoto palizidi kwa upana wa vidole viwili. Akaingia uvunguni. Bolti ya katikati ya springi, ile inayoshikilia ekseli ya nyuma isihame, ilikuwa imekatika, na ekseli imerudi nyuma upande wa kushoto. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanasukuma gari kwa mshazari, ndiyo maana pua ilikwenda kulia.

"Wiki mbili mie nahangaika na mbele," Kondo alisema kutoka chini, "ugonjwa uko nyuma."

Bolti ilipatikana kwenye gari bovu. Kufikia adhuhuri Landrova ilikwenda imenyooka, na Polikarpo, peke yake barabarani, alijikuta anaimba wimbo wa kanisani. Alhamisi ya wiki hiyo watoto hamsini na watatu walichanjwa.

Kondo alijaza kadi ya matengenezo. Penye nafasi ya aliyegundua hitilafu aliandika: Bi Hamisa, Temeke. Mkuu wa gereji akauliza fundi huyo ni wa gereji gani. Alipoelezwa, akatia saini.

Polikarpo aliomba kadi kwa usiku mmoja, akampelekea Bi Hamisa. "Mama, nimekuja kukushukuru. Hata sijui niseme vipi."

"Mie nilikuwa naonea uchungu uwanja wangu tu," Bi Hamisa alisema.

Polikarpo alitaka kumsomea, lakini mama akamzuia kwa mkono. Alikuwa na miezi mitano kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Akaisogeza kadi kwenye mwanga, akafuatisha kwa kidole, herufi kwa herufi, hadi akalipata jina lake. Akamwita Yuliana amletee daftari na penseli, akaanza kulinakili.