Tulivyomzika Stefano akiwa Safarini

Jamani, mkicheka sitawalaumu, maana hata mimi ningesimuliwa ya mwingine ningecheka, ila mjue aibu hii nikiikumbuka mezani chakula hakishuki. Hapa Lituhi mpaka leo wananiita Mama Maono, na si kwa heshima.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye gunia akawa mfanyabiashara. Mdogo wangu Stefano, mtoto wa kiume pekee wa mama yetu, akapakia usipa mkavu (hao dagaa wetu wa ziwani) kwenye mtumbwi, akaenda Mbamba Bay apate gari la kupanda Mbinga akabadilishe na mahindi. Siku aliyosema atarudi ikapita, na wiki hiyohiyo upepo wa mwera ulivuma ziwa likachafuka vibaya.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi, na kichwa kilikuwa kimeshavimba, kwa sababu niliwahi kumwambia mjamzito mmoja kwamba Mungu amenionyesha mtoto wa kiume, akazaa wa kiume kweli (utadhani watoto wako wa aina kumi). Basi tukiwa tunamwombea Stefano nikahisi uzito kifuani na baridi mgongoni, nikaona kama maji. Ningenyamaza tu tukaendelea kuomba, nani angejua? Lakini nikasimama, macho nimefumba, nikatangaza kwamba Bwana amenijulisha Stefano amelala ziwani.

Padri wetu akaja haraka, nikampa shikamoo ya juujuu, akanivuta pembeni.

“Mama, Maandiko yanataka mashahidi wawili au watatu ndipo jambo lithibitike. Wewe shahidi wako ni nani?”

“Roho,” nikamjibu, tena nikimwonea huruma, eti maskini, amesoma Biblia yote lakini hasikii kitu. Akaomba basi tutume mtu kwanza Mbamba Bay akaulize. Nikamwambia huo ni upungufu wa imani.

Wakati huo mama alishaanguka chini analia, na nani tena wa kumnyamazisha? Msiba ukakaa, wavuvi wakaacha nyavu, mke wa Stefano, Mama Neema, akanyolewa kichwa, na kwa kuwa mwili haukuwapo nikatoa wazo (mimi huyuhuyu) kwamba tuzike suti yake ya harusi. Tukaizika. Padri alikataa kuja kuzika nguo, tukamsema huyo mpaka tukachoka.

Matanga hayajaisha, watu wako kwenye ugali, Stefano akatokea na gunia la mahindi begani. Gari lilikwama kwenye matope huko milimani, basi, hakuna lingine. Akaona watu wamejaa kwake, akatupa gunia, akaanza kulia. Wenzangu, mtu analia kwenye msiba wake mwenyewe! Waombolezaji wakatimka, wengine na sahani mkononi, na yeye akanijia mimi, dada yake mkubwa, akanishika mabega.

“Dada, ni Mama?”

Mama Neema akatoka ndani na upara wake, na Stefano alipomwona akaelewa bila kuambiwa. Nyuma yake akatoka mama yetu, akamwona mwanawe amesimama, akaanguka, na safari hii hakuinuka vizuri, upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi na haukupona.

Jumapili Padri hakunitaja. Alisoma tu pale panapoeleza kwamba mtu akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, basi hilo Bwana hakulisema, akafunga kitabu. Nilichukia sana siku hiyo, na niliyemchukia ni mimi, maana maneno hayo nilikuwa nayo kwapani wakati natangaza kifo cha ndugu yangu.

Siku hizi kifua kikiwa kizito nakunywa maji, nafungua Biblia, na isiponiambia nasema sijui. Kutabiri nimekoma, nimekoma kabisa, hata mvua mkiniuliza siwajibu.

Mwaka uliofuata mama alifariki, kweli safari hii, na mwili tukiwa nao. Pale kaburini, Padri alipomaliza, nikasimama nimwombee mama yangu. Stefano hakupandisha hata sauti.

“Kaa chini, Dada. Wewe kuzika ulishamaliza.”

Nikakaa.