Fundi Linki, anayewafikisha mazishini walio mbali

Waombolezaji wanaingia ukumbini taratibu, viatu vikikwaruza sakafu ya saruji. Kando ya jeneza, Fundi Linki anakaza kamera kwenye stendi huku simu ikiita mfululizo mfukoni.

Jina hilo alipewa kazini. Hurekodi mazishi, huyarusha moja kwa moja na kuwatumia ndugu walio mbali linki, yaani anwani ya mtandaoni ya kutazamia. Kipato ni cha kubahatisha, na kuna wiki hapati familia hata moja.

"Arusi ukikosea, watavaa tena uwapige picha," anasema. "Mazishi hayarudiwi."

Leo anazikwa mzee mmoja, ubavuni mwa kaburi la mkewe. Binti yao pekee amelazwa hospitali ya mbali, na madaktari wamemkataza kusafiri. Kumuaga baba yake kunategemea linki hiyo tu.

Familia ilitaka ukurasa uitwe Baba&Mama. Kwa kawaida Fundi huandaa anwani kwenye kompyuta na kuijaribu kwanza. Leo mdogo wa marehemu alileta jina hilo watu wakiwa wameshaanza kuketi, naye akaliandika palepale kwenye simu, akatuma. Haraka haraka haina baraka.

Anapokea simu. Ni binti. Anaeleza kwamba ametazama jeneza, ameimba na watu, amelia, kisha kamera ikasogea kwenye picha ya marehemu.

"Kaka, huyu si baba yangu."

Fundi anaisoma upya anwani aliyotuma. Kosa analijua kabla hajakata simu. Ndani ya anwani, alama ya & hutenganisha taarifa moja na nyingine. Mtambo ulisoma "Baba", ukadhani jina limeishia hapo, ukamfungulia binti mazishi ya baba wa watu wengine, yaliyorekodiwa mwezi uliopita kwenye ukurasa ulioitwa Baba.

Dawa yake ni ndogo. Alama hiyo ikiwa sehemu ya jina, huandikwa kwa msimbo wake, %26, ili mtambo usiichukulie kuwa mpaka. Ikiwa kweli inatenganisha taarifa, huachwa ilivyo, maana ukiigeuza na hiyo, anwani inaharibika vilevile.

Anaandika Baba%26Mama. Anaifungua mwenyewe, anaona jeneza lililo mbele yake, ndipo anatuma. Binti anawahi kuuona uso wa baba yake kabla kifuniko hakijafungwa.

Baada ya maziko Fundi hali chakula. Anasema anatafuta mtu wa kumfundisha kutengeneza ukurasa utakaogeuza alama hizo wenyewe, familia ziandike majina zipendavyo. "Nimemliza mtu kwa msiba usio wake," anasema. "Sitaki kulirudia hili."

Alipompigia binti kumwomba radhi, hakulaumiwa. Binti alikuwa na ombi moja kuhusu yule mzee mwingine.

"Niambie jina lake. Nimeshamlilia, siwezi kumwacha njiani."