Meza Iliyokataa Mlango

Wenzangu mliokulia Dodoma ya vumbi, kabla mji haujajaa magari ya serikali, bila shaka mnamkumbuka adui yetu mkubwa. Hakuwa mwizi. Mwizi angeiba nini? Adui alikuwa mchwa. Unalala kitanda kikiwa kizima, unaamka mguu mmoja umebaki ganda tupu. Kwetu walikula kabati, wakala kizingiti, wakaila Biblia ya bibi kuanzia Mwanzo mpaka Kutoka, wakaishia Mambo ya Walawi. Hata wao palipo pagumu waliacha.

Ndiyo maana baba yangu alitengeneza samani za mbao juu, chuma chini. Siku hizi vijana wanauita mtindo. Kwa baba ilikuwa vita. Alikuwa fundi kwenye karakana ya shirika moja la umma, na tuliishi kwenye kota za shirika hilo, nyumba za vyumba viwili na sebule, madirisha ya nondo, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu mpaka nzi anateleza. Akirudi kazini anakula ugali wake wa uwele na mlenda, ananawa, anakwenda kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Harufu ya utoto wangu iko pale kibandani: maranda ya mninga, chuma kilichotoka motoni, na jasho la baba.

Na hakutengeneza kitu cha mtu yeyote tu. Ukija kuagiza kiti, hakuulizi unataka kiti gani. Anakuonyesha gogo, anasema, "Kaa." Unakaa. Anakuzunguka anakuangalia kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, mgongo, mapaja, urefu wa goti, halafu anakwambia nenda, uje Jumamosi. Mchungaji wetu, aliyekuwa mtu wa mwili, alitengenezewa kiti ambacho mtu mwingine akikikalia anaonekana kama mtoto aliyesahaulika hospitali. Mwalimu mmoja mrefu alikuja kulia shida ya miguu kuning'inia, akaondoka na kitanda ambacho mtaa mzima ulikwenda kukitazama. Vyuma vya pembe kwa miguu, mninga kwa ubavu, na chini kabisa vile vikombe vya chuma vya kuzuia mchwa.

Mama alikuwa mshonaji. Sare za nusu ya watoto wa kota zile, sketi za bluu na mashati meupe, zilipita kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Lakini kitambaa hakikatwi hewani. Mama alikatia sakafuni, amepiga magoti juu ya mkeka, chaki mkononi, pini mdomoni, na jioni akitaka kuinuka ilibidi ashike ukuta. Siku moja baba alimwona akiinuka hivyo. Kesho yake akamwita: "Mama Yudithi, hebu simama hapa. Nyoosha mikono." Yudithi ndiye mimi, kifungua mimba wao. Mama akanyoosha mikono kama anayezuia kuku wasitoke bandani, anacheka, nasi tunacheka, na baba akampima kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kidole kile. Upana wa meza ukawa huo.

Aliiunganishia ndani, sebuleni. Msimcheke. Mnaujua upepo wa Dodoma mwezi wa nane. Ukipaka vanishi nje, jioni huna meza, una msasa. Vyuma alivikata na kuvitoboa kibandani, akaviingiza ndani kimoja kimoja, na humo humo akaviunga kwa ribiti, vile vijiti vifupi vya chuma vinavyopigwa nyundo vikiwa vyekundu kwa moto mpaka vinaota kichwa pande zote mbili. Jiko la mkaa liko barazani. Baba anapita mbio na ribiti kwenye koleo, mama anapiga kelele, "Mtoto asikatize!", nasi tumejipanga ukutani kama tunaopigwa picha. Chini aliweka rafu ya kuwekea majora ya vitambaa, na rafu nayo akaizungushia fremu ya chuma. Wiki nzima ugali wetu ulinuka vanishi.

Jirani yetu Baba Elia, fundi mwenzake wa karakanani, alikuja kuitazama, akamwuliza kwa nini hakutumia bolti. Kazi ya spana tu, jioni moja umemaliza. Baba akamjibu maneno ambayo sisi watoto tuliyarudia mpaka tukachapwa. "Bolti ni ya mtu anayepanga kuhama. Mimi nahamia wapi?" Akaipiga meza kofi kwa kiganja. "Hii haitoki humu mpaka nyumba ianguke."

Jamani, meza ile! Mchana ilikuwa ya mama, amesimama wima, mkasi unakwenda shwa shwa, hashiki tena ukuta. Jioni ilikuwa yetu ya hesabu na ya kugombania nani kakalia upande wa taa. Tukitoka kucheza rede na kombolela, miguu myekundu kwa vumbi, tulijipenyeza kwenye rafu ya chini katikati ya majora, tukacheza baba na mama, tukashona wanasesere kwa vipande vya sare. Msimu wa zabibu baba aliweka beseni zima juu yake na kutuambia tule mpaka tuombe msamaha. Watoto wa siku hizi nawaonea huruma. Kila mmoja anakula chipsi kitandani kwake, uso kwenye simu, meza ya chakula imekuwa ya kuwekea chaja.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia bidhaa za nje. Nisiwe mnafiki, tulifurahi. Aliyewahi kupanga foleni ya sabuni kuanzia alfajiri, akaambiwa imekwisha, haambiwi kitu kuhusu maduka yaliyojaa. Tulinunua biskuti za Ulaya, tukavaa mitumba yenye maandishi tusiyoyajua, tukajiona. Lakini pamoja na biskuti vikaja viti vya plastiki, vyeupe, vimepandana kama sahani mbele ya maduka. Kiti kimoja kwa makalio ya kila mtu, hakuna anayekaa kwenye gogo. Na mchwa hali plastiki. Hilo ndilo lililomuuma baba kuliko yote. Mitumba nayo ikamfuata mama, ingawa sare za shule zilimbakia kidogo.

Kisha shirika likaanza kupunguza watu. Lilikuwa linatafutiwa mnunuzi, na mnunuzi, tuliambiwa, hataki watu wengi. Baba Elia alitangulia. Baba akajidanganya kwamba fundi wa aina yake hawamgusi. Wakamgusa. Na aliyepunguzwa alitakiwa kuachia nyumba ya shirika.

Mnaona tunakokwenda. Kabati lilitoka, vitanda vikatoka, cherehani ikatoka imebebwa kama bibi harusi. Meza ikakataa. Waliilaza ubavu, mlango ukakataa. Waliisimamisha, ikagonga dari. Kwa ile fremu ya chini haikuwa meza tena, ilikuwa sanduku la chuma lenye upana wa mama yangu akiwa amenyoosha mikono. Baba akaenda kwa bwana aliyesimamia nyumba za shirika, akaomba ang'oe fremu ya mlango na kuirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Akajibiwa mlango ni mali ya shirika, na mali ya shirika inauzwa, haiguswi.

Mama alisema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema. "Baba Yudithi, sasa tutakula kwa mikono yangu hii. Bila meza nitashonaje? Zikate hizo ribiti. Tukifika kijijini utafunga bolti." Baba akatoka nje, akakaa juu ya lile gogo la wateja, kwa mara ya kwanza nilimwona yeye mwenyewe amelikalia.

Siku ya kuondoka lori lilikuwa linapiga honi nje. Baba akaingia sebuleni na tindo na nyundo. Sebule ilikuwa tupu, imebaki meza peke yake, na kila pigo lilirudi kutoka ukutani. Kichwa cha ribiti ya kwanza kikaruka, kikaviringika kwenye nta nyekundu. Cha pili kikaruka. Akaweka tindo kwenye ya tatu, akainua nyundo, nyundo ikabaki juu. Ikashuka taratibu, bila kupiga. Akachuchumaa, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Mama alisimama mlangoni muda mrefu. Najua alikuwa anapima nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa napima. Akajifunga khanga upya, akamwendea, akamchukulia nyundo mkononi. "Basi, baba. Basi. Iache." Tukapanda lori.

Kijijini kwetu, upande wa Buigiri, tulikaa kwenye nyumba ya udongo ya babu. Mama akarudi magotini. Mkeka ule ule, chaki ile ile, ila sasa sakafu ilikuwa ardhi tupu na mchwa waliula mkeka kwa chini akiwa amepiga magoti juu yake. Aliposhika ukuta kuinuka, udongo ulimeguka mkononi. Baba akiona hivyo alitoka nje, akaenda kutazama mbuzi wasiohitaji kutazamwa. Vyuma hakuwa navyo, sawa. Lakini meza ya mbao tupu angeweza, hata mbaya mbaya. Hakuitengeneza. Hakutengeneza tena kitu chochote, hata kigoda.

Niwaambie ukweli wangu? Nilimkasirikia baba yangu. Nilimkasirikia akiwa hai, na siku tunamzika nilimlilia huku nimekunja ngumi. Alikufa bila kusumbua mtu, kama anayetoka kanisani kabla ya matangazo, na watu wakasema fundi ameondoka na mikono yake. Mimi nilikuwa natazama magoti ya mama, yalivyovimba, alivyoshindwa kuyapiga mbele ya kaburi la mumewe mpaka tukamshika huku na huku.

Miaka ikapita, nikaajiriwa, nikarudi mjini. Siku moja nikasikia kota zetu zinavunjwa. Nikamchukua mama tukaenda. Paa lilikuwa limeshatoka, kuta zimelala, na kwa mara ya kwanza meza ile ilikuwa na njia ya kutoka. Lakini wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wametutangulia. Mbao za mninga zilikwishachukuliwa, na fremu walikuwa wameikata kwa gesi vipande vipande, iko kwenye mkokoteni. Tuliijua kwa ile pembe yenye ribiti mbili zisizo na vichwa. Ribiti nyingine zote zilikuwa zimeshika bado. Vijana wale walikuwa wamezikwepa, wakakata chuma pembeni yake.

Mama akaweka mkono juu ya kile kipande. "Alisema mpaka nyumba ianguke," akasema. Vijana wakatuomba tupishe, wakausukuma mkokoteni wao.

Sasa mama anakaa nami hapa Area D. Macho yamefifia, magoti ndiyo hayasemeki. Mwaka huu nikasema ninunue meza ya maana, nikaenda kwa kijana mmoja fundi wa huku huku mtaani, Kelvini. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake haikosi, ila suruali yake imechanika magotini kwa makusudi. Ana meza za mbao na chuma, watu wa maofisini na wenye migahawa wanazigombania. Chuma kipya kabisa anakipaka dawa kionekane kimeota kutu. Mungu wangu! Sisi tulipigana na kutu, wao wanainunua.

Nikaona vichwa vya ribiti vimejipanga ukingoni, nikashtuka, nikavigusa. Kimoja kikabanduka. Vilikuwa vimebandikwa kwa gundi.

"Hivi vinashika nini, mwanangu?"

"Havishiki kitu, mama. Ni dizaini. Meza yenyewe nafunga kwa bolti kwa ndani. Ukihama unafungua, unapakia, umemaliza. Au nichomelee moja kwa moja?"

"Bolti," nikamjibu haraka mpaka akanitazama. "Na hizo za gundi uzitoe."

Aliileta vipande vipande, ikapita mlangoni kama barua, akaifunga sebuleni kwa spana wakati chai inachemka. Nilisimama nikiitazama na nikajisikia nimeshinda ugomvi wa zamani. Baba na wenzake walitengeneza vitu kama watu wasioondoka kamwe, wakaondolewa. Watoto wetu wanatengeneza kama watu wa kuondoka kesho, na kweli wanaondoka. Wangu mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar, nyumba walizopanga sijaziona hata moja. Nilijiambia heri hivi, angalau hakuna atakayepiga magoti kwa ajili ya meza.

Nikamleta mama, nikamkalisha kwenye kiti. Akapitisha kiganja juu ya mbao, polepole, akinyoosha mikono yake yote miwili kutafuta mwisho wa meza upande huu na upande ule. Haikufika upana wa mikono yake. Kisha kiganja kikashuka chini ya ukingo, vidole vikapapasa chuma, vikakuta nati. Vikaizunguka.

"Yudithi," akasema. "Kumbe tunahama?"

"Hatuhami, Mama."

Hakuondoa kidole chake kwenye nati.