Tableti Iliyoona Bega la Kushoto

Saa nne kasoro asubuhi, katika duka la simu nyuma ya soko la Kadutu, mjini Bukavu, Maman Gisèle amesimama kati ya chaja na vifuniko vya simu. Amevaa kanzu ya kwaya iliyojaa pini. Hathubutu kukaa.

"Maman, usipumue sana," anamwambia mshonaji wake, Delphine Nshobole. "Pini ya kiuno iko karibu."

"Basi fanya mbio! Watu banafikiri nimetoroka misa."

Mezani kuna tableti mbili. Ya kwanza ni mpya, bei yake dola 85. Ya pili ilishatumika kidogo, lakini ni ya kampuni yenye jina, na Didier, mwenye duka, anaidai dola 350. Delphine anataka kumpiga Maman Gisèle picha kwa zote mbili kabla ya kuamua.

"Wateja huniuliza betri na memori," anasema Didier akicheka. "Huyu ni wa kwanza kuniletea kanzu."

"Hii ni original ao ni ya Chine?" Maman Gisèle anauliza.

"Zote zilizaliwa Chine, maman. Ila hii ya bei ilisoma."

Delphine ana miaka 51, na ameshona kwa miaka 27 katika chumba cha mbao juu ya mteremko wa Kadutu. Kielelezo cha karatasi ambacho fundi hukatia kitambaa, Bukavu hukiita patron, neno lilelile la bosi. Vyake alikuwa amevikata kwenye mifuko ya saruji, akavihifadhi ndani ya katoni.

"Watu banasema mushonaji hana patron," anasema. "Miye nilikuwa nabo zaidi ya mia. Mvula moja ikaingia ndani ya katoni, ikabafukuza bote kazi."

Ndipo alipoanza kufikiria tableti, ili aweke humo vipimo na picha za wateja wakijaribu nguo. Alikuwa na dola 360 alizopata zamu yake ilipofika katika likelemba, mchango wa akina mama. Mume wake Adalbert, mwalimu wa shule ya msingi, alimshauri achukue tableti ya bei ndogo, na fedha nyingine ziwe mwanzo wa mashine ya kufunga pindo.

Ushauri huo ulikuwa na maana. Kwa sasa Delphine hupeleka nguo kwa jirani mwenye mashine hiyo na kulipa kwa kila moja.

Lakini wiki hiyo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Kwaya ya akina mama wa parokia ilitaka kanzu 36, kila moja dola nane za kushona. Fundi mmoja wa barabara ya chini naye alikuwa ameshona kanzu ya mfano. Jumamosi kamati ingechagua moja, na Maman Gisèle, mwenyekiti wa kwaya, ndiye ambaye angezijaribu zote mbili. Kwa Delphine, hiyo ilikuwa kazi ya miezi miwili.

Dukani, picha ya tableti ya bei ndogo ilitoka kwanza. Uso wa Maman Gisèle ulikuwa laini, bila kunyanzi hata moja.

"Ah! Hii ndiyo miye!" alipiga makofi, akasahau pini.

Kisha ikaja ya pili. Ilionyesha kila pini, kila uzi, hata nywele mbili kidevuni.

"Iyi ni belle-mère, mama mukwe kabisa!" alilalamika. "Haiachaka kitu! Delphine, usinunue mutu wa kunichunguza."

Delphine hakucheka. Alikuwa ameikuza picha kwa vidole viwili, akitazama bega la kushoto. Maua ya kitenge, yaliyopaswa kulala sawa kwa pande zote, yalikuwa yamepanda upande mmoja. Mkono wa kanzu ulikuwa unavutwa nyuma.

"Bega la kuume liko Bukavu," alisema polepole. "La kushoto limeshavuka Ruzizi, liko Rwanda."

Aliikuza picha ya tableti ya kwanza. Ikawa ukungu mtupu.

Hakununua siku hiyo. Alirudi nyumbani, akazitandika kitandani nguo tatu zilizokuwa zikisubiri wenyewe, akazipima kwa utepe, moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa na kosa lilelile, bega lilelile.

"Miwani niko nayo," anaeleza. "Inaniletea mushono karibu. Lakini nguo inapindaka mutu akiivaa, akitembea. Ile saa mimi niko napiga magoti pale chini, naangalia pindo."

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Katika miaka miwili wateja kadhaa wa zamani walikuwa wameacha kuja. Alidhani ni bei.

"Mutu hakuambiaka bega inapinda. Anakusalimia muzuri, anaenda kwa mwingine."

Siku mbili baadaye alilipa dola 350. Adalbert alizihesabu dola kumi zilizobaki, kisha akaomba aonyeshwe jinsi ya kukuza picha. Ijumaa Delphine aliifumua kanzu, akalikata bega upya.

Jumamosi, kamati ya watu watano ilimvalisha Maman Gisèle kanzu ya kwanza, kisha ya pili, na kila mara wakamwambia ainue mikono kama kwenye Aleluya. Ya fundi mwingine ilipanda hadi magotini. Ya Delphine ilibaki mahali pake.

Kanzu 36 ni zake. Mashine ya kufunga pindo itasubiri mwaka mwingine, anasema bila huzuni.

Mpango wake wa sasa uko ndani ya tableti hiyohiyo: orodha ya wanawake kumi na mmoja walioacha kuja kwake. Anawapigia simu mmoja mmoja, akiwaomba walete nguo zao azirekebishe bila malipo. Anataka awe amemaliza majina yote kabla ya Noeli.

Wa kwanza alikuwa Monique, anayeuza maharagwe hapo sokoni. Alipoelezwa habari ya bega, alishangaa.

"Delphine," akasema, "kumbe lilikuwa kosa? Miye nilifikiri ni mode, mutindo mupya. Nimetembea Bukavu muzima nikijivuna!"

Anakuja Jumatatu.