Kochi Halina Lugha

Mtu asiyejua unamwonea huruma. Anayejisifu kwa kutojua humwonei. Wa namna hii ya pili alikuwa fundi makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, jina la kuchekesha kwa mtu ambaye hakuna kilichowahi kumwingia kichwani kikakaa.

Binti yake wa pekee aliolewa mbali, kwa watu wa lugha nyingine, akazaa mtoto wa kike. Sponji alimjua mjukuu kwa picha tu, na alimpenda kiasi cha kuwachosha wateja. Habari ilipofika kwamba mtoto ataletwa likizo, na kwamba anajua lugha ya baba yake peke yake, mke wa Sponji alijiandikisha masomo ya jioni, chumba cha juu ya duka la dawa. Akawa anamenya vitunguu huku midomo ikimcheza kwa maneno mapya.

Sponji alimcheka mpaka akakohoa. Mama mzima kwenda kukaa dawatini! Yeye wageni amewatengenezea makochi miaka nenda rudi kwa futi kamba na kidole: mteja anaonyesha picha, yeye anaonyesha kitambaa, kazi kwisha. Leo damu yake mwenyewe ndiyo imshinde? Tena mdogo ndiye wa kumfuata mkubwa, alisema, akajiona ametoa hoja.

Mtoto akaja, akamfuata babu karakana. Akashika springi, akauliza. Akashika gundi, akauliza. Babu alicheka tu na kuitikia kwa kichwa. Basi mtoto si mjinga. Anayeuliza akajibiwa kicheko huchoka. Akahamia jikoni kwa bibi, na huko wakapiga soga hadi sufuria zikaungua. Sponji akabaki mlangoni kwa wivu, kila mara akiuliza anasemaje, anasemaje. Mwanzoni mkewe alimtafsiria. Baadaye akaacha, maana hadithi ya mtoto haimngoji mtu.

Siku ya kuondoka, bibi akiwa ndani anatafuta kiatu kilichopotea, mtoto alimkimbilia babu getini, akamvuta shingo, akamnong'oneza jambo refu. Kisha akamtazama machoni, akingoja. Na yule mpumbavu, kwa aibu ya kuonekana hajui, akaitikia kwa kichwa kama kawaida yake. Mtoto akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

Gari lilipokata kona, Sponji alijaribu kumrudishia mkewe aliyoyasikia. Akayavuta, akayapindua, jasho likamtoka. Mkewe akamwambia hiyo si lugha ya binadamu yeyote.

Alimsihi wapige simu, na mtoto alipofika kwao, wakapiga. Bibi akauliza, akasikiliza, akamgeukia mumewe.

"Hataki kuniambia," akasema. "Anasema ni siri yenu wawili, na wewe umeshamuahidi."

Sponji akaomba simu. Akaishika sikioni, mtoto akimwita upande wa pili, naye hana hata neno moja la kumpa.